Diwani za Picha na Sura Zilizokatwa: Ukusanyaji wa Vitabu Adimu vya Picha za Watu kwa Mtazamo wa Kamwokya, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna vitabu adimu vya picha za watu zinazokiuka mazoea vinavyokusanywa, vinavyotambuliwa na vinavyoelezwa katika katalogi. Mifano mikuu imetolewa Uganda: *The Kaddu Wasswa Archive* (2010), *Gulu Real Art Studio* (2013), mfululizo wa *Ebifananyi* (ulioanza 2014) na *The Unseen Archive of Idi Amin* (2021). Vitabu hivi vyote vinahusu watu wa Uganda, lakini vilichapishwa na wachapishaji wa Ulaya. Kwa sababu hiyo, sheria ya kuweka nakala katika maktaba ya taifa haiwalazimu wachapishaji wake. Makala yanadai kwamba uadimu wa kitabu cha aina hii si suala la bei peke yake; ni suala la nani anaweza kukiona, na kwa lugha gani. Mwishoni yanapendekeza istilahi za Kiswahili za kukieleza kitabu cha picha pamoja na hatua za kisera zinazoweza kuchukuliwa na maktaba na makumbusho ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Kamwokya ni mtaa wenye sura mbili. Upande mmoja kuna soko, vichochoro vya makazi yaliyosongamana na vibanda ambamo mtu huketi mbele ya pazia la rangi moja, akapigwa picha ya kitambulisho na kuondoka nayo baada ya dakika chache. Upande wa pili, kando ya Barabara ya Kira, yapo Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia jengo lake la sasa kwenye kilima cha Kitante mwaka 1954. Ndani yake imo maktaba ya Chama cha Uganda, chama kilichochapisha *Uganda Journal* tangu mwaka 1934. Barabara hiyohiyo ina ofisi za FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda.

Kwa hiyo, katika umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa miguu, zipo hatua mbili za maisha ya picha: mahali inapozaliwa kwa haja ya siku hiyo na mahali inapohifadhiwa kwa ajili ya vizazi. Kinachokosekana ni daraja kati ya hizo mbili. Daraja hilo, kwa sehemu kubwa, ni kitabu. Picha ya kibandani huwa haifiki makumbusho ikiwa peke yake. Hufika pale mtu alipoikusanya pamoja na nyingine, akazichagua, akazipanga, akazichapa na kuziwekea jalada.

Makala haya yanajibu maswali manne. Kitabu cha picha za watu zinazokiuka mazoea ni kitabu cha namna gani? Kwa nini vitabu hivyo huadimika? Vielezwe vipi kwa Kiswahili? Na taasisi za umma zifanye nini ili wanaoonekana katika kurasa zake wasiwe wa mwisho kuviona?

2.0 Picha ya mtu na mazoea yake

Picha ya mtu iliyozoeleka ina kanuni ambazo hazihitaji kuandikwa. Mtu anajua kwamba anapigwa picha, ameketi au amesimama, uso wake unaonekana, na picha inakusudiwa kumtambulisha. Picha inakiuka mazoea pale kanuni mojawapo inapovunjwa kwa makusudi au kwa ajali yenye maana.

Historia ya vitabu vya picha duniani ina mifano mingi. Mwaka 1929 Mjerumani August Sander alitoa *Antlitz der Zeit*, kitabu chenye picha 60 zilizowapanga watu kwa kazi na matabaka yao. Kila picha yaweza kuonekana ya kawaida. Mpangilio wake ndio uliokuwa mgeni. Mmarekani Walker Evans aliwapiga picha abiria wa treni ya chini ya ardhi mjini New York kati ya miaka 1938 na 1941, kamera ikiwa imefichwa ndani ya koti. Picha hizo zilichapishwa katika kitabu *Many Are Called* mwaka 1966. Hapo kanuni iliyovunjwa ni ile ya ridhaa na utayari.

Afrika Mashariki nayo ina urithi wake. Katika mji wa Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993) alijulikana kwa picha za kuunganisha, ambamo mteja hakuishia kuonekana alivyo bali aliwekwa katika ulimwengu uliobuniwa kwa mkasi na gundi. Mwanaanthropolojia Heike Behrend ameieleza sanaa ya studio za pwani katika kitabu chake *Contesting Visibility* cha mwaka 2013. Uganda, kwa upande wake, imetoa mifano inayostahili kuchunguzwa mmoja baada ya mwingine.

3.0 Mifano ya Uganda

3.1 Mtu bila uso: Gulu

Katika mji wa Gulu, mpiga picha Obal Denis aliendesha studio aliyoirithi kwa baba yake. Mashine ya picha za kitambulisho ilitoa picha nne kwa pamoja, ilhali wateja wengi hawakuhitaji nne wala hawakutaka kuzilipia. Suluhisho lilikuwa la kiufundi na la kiuchumi: kupiga picha moja ya ukubwa wa kawaida, kuisafisha, kisha kukata kipande cha mstatili chenye uso na kumkabidhi mteja. Kilichobaki kilikuwa mabega, mikono, nguo, kiti na pazia, na katikati tundu jeupe.

Mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo aliyaona mabaki hayo, akayakusanya. Mwaka 2013 yalionyeshwa mjini New York katika ukumbi wa Walther Collection, na mwaka huohuo yakatoka katika kitabu *Gulu Real Art Studio* kilichochapishwa na Steidl ya Ujerumani. Mtazamaji anapofungua kurasa huanza kutafuta mtu mahali pasipo uso. Anaiona koti ileile ikivaliwa na watu tofauti, kubwa kwa huyu na ndogo kwa yule, maana ilikuwa ya studio. Anaiona mikono iliyokunjwa magotini, mtoto aliyeshikwa na mkono wa mtu mzima, viatu vilivyochakaa. Kwa kuwa eneo la Gulu lilikuwa limepitia vita kwa takriban miongo miwili, mkopo, kazi au msaada vilihitaji picha ya kitambulisho. Uso ulikwenda kwenye faili la ofisi. Mwili ulibaki studio.

3.2 Mtu kama nyaraka: Kaddu Wasswa

*The Kaddu Wasswa Archive*, kilichochapishwa Rotterdam mwaka 2010, ni kazi ya pamoja ya msanii Mholanzi Andrea Stultiens, mpiga picha Mganda Arthur C. Kisitu na Kaddu Wasswa John mwenyewe, babu yake Kisitu. Mzee huyo alikuwa amehifadhi kwa miongo mingi picha, barua, vyeti na karatasi za maisha yake. Kitabu hakimwonyeshi kwa picha moja iliyo bora. Kinamwonyesha kwa mrundikano wa ushahidi. Picha ya mtu hapa ni wasifu unaosomwa kwa macho.

3.3 Picha na jina lake: Ebifananyi

Mwaka 2011 Stultiens na Canon Rumanzi Griffin walianzisha mradi wa History in Progress Uganda, uliokusudia kukusanya picha zilizokuwa mikononi mwa watu na taasisi na kuziweka wazi. Katika mazingira hayo ulizaliwa mfululizo wa vitabu vinane vilivyopewa jina la *Ebifananyi*. Kitabu cha kwanza, cha mwaka 2014, kilimhusu mpiga picha Deo Kyakulagira. Cha pili kilihusu picha za Musa Katuramu wa magharibi ya Uganda. Kitabu kingine kinamchunguza Kabaka Muteesa wa Kwanza kupitia taswira zilizoigwa na kurudiwa, tangu pale Henry Morton Stanley alipofika katika ikulu yake mwaka 1875.

3.4 Dola na waliosimama pembeni: Idi Amin

Mwezi Mei 2019 Makumbusho ya Uganda yalifungua maonyesho ya picha zilizotokana na hazina ya negativu za Shirika la Utangazaji la Uganda. Hazina hiyo ina takriban negativu 70,000, na kitabu chake, *The Unseen Archive of Idi Amin* cha Derek R. Peterson na Richard Vokes, kilitoka mwaka 2021. Picha hizo zilipigwa na wapiga picha wa serikali, na katikati yake mara nyingi yumo Rais. Mkusanyaji makini, hata hivyo, huangalia kingo: raia walioshtakiwa mbele ya mahakama ya makosa ya kiuchumi, watumishi waliosimama nyuma, watu waliotazama kamera bila kujua picha ingekwenda wapi. Hao nao wamepigwa picha, ingawa hakuna aliyekusudia kuwapiga.

4.0 Kinachokifanya kitabu kuwa adimu

Uadimu haulingani na umri. Kitabu cha mwaka 2014 chaweza kuwa adimu kuliko cha mwaka 1950. Sababu kuu ni nne.

Ya kwanza ni idadi ya nakala. Kitabu cha picha ni ghali kuchapa: karatasi nzito, wino wa tabaka kadhaa, ukaguzi wa rangi mashineni. Wachapishaji wadogo hutoa nakala chache na mara nyingi hawarudii. Zikiisha, zimeisha.

Ya pili ni uharibifu. Serikali ya Kinazi iliviharibu vibao vya uchapaji vya *Antlitz der Zeit* mwaka 1936, na nakala zilizosalia zikawa ushahidi wa kile kilichotakiwa kufutwa. Uharibifu mwingine hauna itikadi. Hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 huruhusu ukungu kuota kwenye karatasi. Kampala, yenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka, humtaka mhifadhi apime unyevu kila siku, aache nafasi ya hewa kati ya rafu na ukuta, na aweke vitabu katika visanduku visivyo na asidi.

Ya tatu ni kutawanyika. Mfululizo wa vitabu vinane ukigawanyika, kila kimoja hupoteza sehemu ya maana yake. Hali ni hiyohiyo kwa karatasi ya kufunika jalada na viambatanisho vingine, ambavyo aghalabu hupotea mapema.

Ya nne ni orodha. Martin Parr na Gerry Badger walitoa juzuu tatu za *The Photobook: A History* katika miaka ya 2004, 2006 na 2014. Kitabu kinapotajwa katika orodha ya namna hiyo, wanunuzi hukitafuta na bei hupanda. Mwaka 2017 mkusanyiko wa Parr wenye vitabu takriban 12,000 ulichukuliwa na makumbusho ya Tate ya London. Taasisi kubwa huifuata orodha, na orodha hupata nguvu kwa kufuatwa. Maktaba ndogo inayosubiri kitabu kitajwe ndipo ikinunue huwa imeshachelewa.

Hapa ndipo sera inapohitajika. Sheria ya Maktaba ya Taifa ya Uganda ya mwaka 2003 inawataka wachapishaji wa ndani waweke nakala za machapisho yao. Mchapishaji wa Göttingen au Rotterdam hafungwi na sheria hiyo, hata kama kila uso, au kila mwili usio na uso, katika kitabu chake ni wa raia wa Uganda. Nakala yake huja kwa kununuliwa, kwa kupewa au kwa makubaliano. Pasipo mojawapo ya njia hizo, haiji.

5.0 Suala la istilahi

Mkutubi anayetaka kukieleza kitabu cha aina hii kwa Kiswahili hukutana na ugumu tangu neno la kwanza. *Kitabu cha picha* humfanya msomaji afikirie hadithi za watoto. *Albamu* ni ya harusi au ya nyimbo. Makala haya yanapendekeza *diwani ya picha*. Diwani, kwa jinsi neno hili lilivyozoeleka katika ushairi, si mrundikano tu. Ni mkusanyo uliochaguliwa na kupangwa ili usomwe kwa jumla. Ndivyo ilivyo kwa kitabu cha picha: picha ya ukurasa wa kumi hubadilishwa na ile ya ukurasa wa tisa.

Pendekezo hilo lina upungufu unaopaswa kukiriwa. Diwani humwita mtunzi mmoja, na vitabu vilivyojadiliwa vina mikono mingi. Mtunzi wa *Gulu Real Art Studio* ni nani: Obal Denis aliyepiga na kukata, au Bacigalupo aliyeokota na kupanga? Katalogi ikitaja jina moja tu, itakuwa imeshatoa hukumu. Kwa hiyo rekodi itenganishe nafasi nne: *mpiga picha*, *mkusanyaji*, *mpangaji wa kitabu* na *mpigwa picha*. Neno hili la mwisho si geni kwa muundo wa Kiswahili, na linampa aliye mbele ya kamera nafasi katika sarufi ya katalogi. Linaweza kuandikwa hata jina lake likiwa halijulikani.

Istilahi ya picha ya mtu nayo inahitaji uangalifu. *Picha ya sura* ni tamko zuri, lakini linashindwa Gulu, ambako sura ndiyo iliyoondolewa. Luganda kina *ekifananyi*, jina linalotokana na kitenzi *-fanana*, ambacho Kiswahili nacho kinacho pamoja na *mfano* na *kifani*. Kwa mantiki ya neno hilo, picha ni kitu kinachofanana na mtu. Nayo pia inatiwa majaribuni na mabaki ya Gulu: je, tundu linafanana na nani? Tamko pana la *picha ya mtu* ndilo linalobeba hali zote, na ndilo linalopendekezwa kuwa kichwa cha somo, kisha kifuatwe na kibainishi: *picha ya mtu: sura iliyokatwa*, *picha ya mtu: ya kuunganisha*, *picha ya mtu: ya siri*, *picha ya mtu: ya kiserikali*.

Lipo pia suala la lugha yenyewe. Uganda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha mpango wa kuifundisha kwa lazima shuleni. Hata hivyo, Waganda wengi wanaikumbuka kama lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani, na ilikuwa serikali ya Amin iliyoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kuandika maelezo ya Kiswahili chini ya picha za kipindi hicho si kitendo kisicho na upande. Kwa sababu hiyo, maelezo ya Kiswahili yasichukue nafasi ya Luganda, Kiacholi au Runyankole. Yawekwe kando yake. Kazi ya Kiswahili iwe kumwezesha msomaji wa Mwanza, Mombasa au Bukavu kukifikia kitabu, si kuzifunika lugha za waliomo ndani yake.

6.0 Haki za mpigwa picha

Mtu aliyekwenda studio kupata picha ya mkopo hakukubali kuonyeshwa New York. Kukosekana kwa uso kunampa kinga kiasi, lakini mtu wa nyumbani anaweza kumtambua kwa gauni au kovu mkononi. Sheria ya Uganda ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 imelifanya suala hili lisiwe la maadili peke yake. Maktaba inayomiliki nakala ya kitabu na maktaba inayoweka kurasa zake mtandaoni hazifanyi jambo moja. Ya kwanza humruhusu msomaji kuketi na kusoma. Ya pili husambaza. Busara ni kufungua kitabu mezani kwa wote, na kutokiweka mtandaoni kabla ya mashauriano na mahali picha zilipotoka.

Mashauriano hayo yana faida ya kitaaluma pia. Wanaotazama picha nyumbani kwao hutaja majina, majengo na miaka ambayo hakuna mtaalamu wa mbali angeijua. Kila jina linaloongezwa kwenye rekodi huongeza thamani ya utafiti wa kitabu hata kama halipandishi bei yake sokoni.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mambo matano yanapendekezwa. Kwanza, taasisi za Uganda zinazotoa kibali cha utafiti au cha matumizi ya nyaraka za picha ziweke sharti kwamba kitabu kitakachotokana nacho kitaletwa nchini kwa nakala mbili: moja ya taasisi kuu na nyingine ya mahali picha zilipopigwa. Sharti hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji aya moja katika mkataba. Pili, maktaba zinunue mapema, kitabu kinapotoka, badala ya kusubiri orodha za wakusanyaji. Tatu, mifululizo isajiliwe na kutunzwa kwa ukamilifu wake. Nne, rekodi za katalogi zitenganishe nafasi nne zilizotajwa na ziandikwe kwa lugha ya picha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iratibu istilahi za picha na uhifadhi ili Kampala, Dar es Salaam na Nairobi zisitumie majina matatu kwa kitu kimoja.

Mkusanyaji binafsi ana uhuru wa kufungia kitabu kabatini. Ni mali yake. Taasisi ya umma haina uhuru huo. Pale Kamwokya, mtu anayetoka kibandani akiwa na picha yake ya kitambulisho yupo hatua chache tu kutoka jengo linaloweza kumhifadhia kumbukumbu yake. Umbali uliobaki ni wa bajeti, mkataba na maneno. Yote matatu yamo ndani ya uwezo wa wanaoshughulikia sera ya lugha na urithi katika kanda hii.